Chupa Namba Kumi na Saba

Chuo Kikuu cha Malakisi
Idara ya Kemia
19 Januari 2025

Kwako Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta hapo Waithaka ukiwa mzima, na kwamba goti lako limepunguza kelele tangu Krismasi. Mimi sijambo. Mama pia hajambo. Nilipita nyumbani Jumamosi nikamkuta anapalilia, akasema nikuambie ng'ombe amezaa dume tena, kwa hiyo usianze kuhesabu maziwa.

Baba, nina ombi, na si dogo. Huu ni mwaka wangu wa nne, na siwezi kuhitimu bila kufanya utafiti wangu mwenyewe. Nimechagua musherekha, ule munyu wa maji ya jivu lililochujwa tunaolainishia mboga. Wenzangu wamecheka sana. "Namalwa amekuja chuo kusomea jivu!" Lakini msimamizi wangu, Daktari Awuor, hakucheka. Aliniuliza: huku kijijini watu huchoma maganda ya maharagwe, na wale waliohamia Nairobi wasio na shamba huchoma nini? Nikasema nitakuuliza wewe. Akasema basi hilo ndilo swali langu.

Ndiyo maana nakutumia chupa hizi thelathini za maabara kwa basi. Tafadhali niombee munyu kwa akina mama wa kwetu walioko Waithaka na Kawangware, kila nyumba chupa moja. Nataka ule wanaoutumia kila siku. Idara itachagua kazi mbili bora ziende kwenye maonyesho ya vyuo vikuu hapo Nairobi mwezi wa saba, na Baba, nataka sana moja iwe yangu.

Najua ungeweza kupiga simu, lakini nakumbuka sheria yako: simu ni ya habari za haraka, mambo ya maana huandikwa.

Mwanao,
Namalwa

---

Waithaka
9 Februari 2025

Kwako Namalwa, jina la mama yangu,

Nimepata barua yako na chupa zote, hakuna iliyovunjika. Mimi ni mzima. Goti linalia vilevile, tumezoeana. Mwambie mama yako dume ni mali pia, asimdharau.

Kuhusu ombi lako, nilikaa nikalifikiria. Mwanamume wa umri wangu hawezi kuzunguka akibisha jikoni za wake za watu akiomba munyu. Kwa hiyo nilimwomba mchungaji dakika mbili wakati wa matangazo. Nilisimama mbele nikasema: "Chuo kikuu kimetuomba munyu wetu. Utapimwa kwa mashine. Ndugu zangu, naomba tusiwaaibishe watu wa kwetu."

Rael akajibu kutoka viti vya mbele. Unamkumbuka Rael, mwenyekiti wa akina mama, yule anayewafundisha wasichana wanaokaribia kuolewa kupika mrenda. Alisema, "Baba Namalwa, sisi ndio tukuaibishe? Leta hizo chupa."

Watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata chupa zilirudi zimejaa, safi, hata kwa nje zimepanguswa. Nimebandika namba kwenye kila moja, pamoja na mtaa na tarehe, kama ulivyoagiza.

Ilibaki chupa moja. Nilikuwa nazipanga kwenye meza yangu kazini, pale ninapolinda mlango wa fleti Parklands, Mama Vimla wa ghorofa ya tatu akapita. "Zedekiah, hii chai baridi unaweka kwa chupa kidogo-kidogo kwa nini?" Nikamweleza. Akashangaa sana. "Hata sisi iko! Nyanya yangu alikuwa naweka chumvi ya majivu kwa papad, ile chapati kavu nyembamba. Ngoja." Akapanda ngazi, akarudi na unga mweupe kwenye karatasi. "Mtoto apime na yetu." Sikuweza kumkatalia. Hiyo ndiyo namba thelathini.

Nimezipeleka mwenyewe hadi ofisi ya vifurushi mjini, River Road. Nilimwambia kijana wa mizigo kwamba ni kazi ya chuo kikuu, akaziweka juu ya magunia, si chini.

Soma kwa bidii.

Baba yako,
Zedekiah

---

Malakisi
3 Machi 2025

Kwako Baba,

Hujambo? Mimi mwili hauna shida.

Nimepima chupa zote mara mbili. Ishirini na tisa zimetoka sawa kama mapacha. Ukali ni uleule, madini ni yaleyale kwa kiasi kilekile. Iliyo tofauti ni moja tu, ya Mama Vimla.

Hilo haliwezekani, Baba. Hata wanawake wawili wanaochoma maganda ya shamba moja hawawezi kupata munyu unaofanana hivi. Daktari Awuor aliyatazama matokeo, kisha akaniuliza, "Nani alikusanya?" Nikasema ni baba yangu. Akavua miwani. Alisema ana uhakika munyu wote ulitoka kwenye chombo kimoja, na kwamba idara haiwezi kupokea kazi kama hiyo. Nisipoleta maelezo kabla ya mwisho wa mwezi wa nne, utafiti utafutwa na nitarudia mwaka mzima. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza zaidi.

Kwa hiyo nakuuliza, na naomba usinikasirikie. Je, ulichota kopo moja ukajaza chupa zote? Ninajua goti lako. Ninajua saa unazofanya kazi. Ukiniambia ukweli nitajua la kufanya.

Mwanao,
Namalwa

---

Malakisi
17 Machi 2025

Kwako Baba,

Wiki mbili zimepita. Simu yako imezimwa. Mama anasema kwake umepiga, uko mzima, lakini nikitajwa unauliza habari za ng'ombe.

Niliandika vibaya. Lile swali lingeweza kuulizwa kwa njia nyingine. Tafadhali nijibu, hata mstari mmoja.

Namalwa

---

Waithaka
30 Machi 2025

Kwako Namalwa,

Salamu kwako. Mimi ni mzima, na simu yangu sikuizima kwa bahati mbaya.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya Biblia. Katika kitabu changu cha kila siku niliandika: "Barua ya N. Sina la kusema." Siku zilizofuata niliandika habari za mvua. Nilikuwa nimejaribu kukufanyia kazi safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, nawe ukaniona mwizi wa chumvi. Basi, nimesema, imetoka.

Jumamosi nilikwenda sokoni Kawangware kununua kunde. Nasimiyu, yule mama wa Bungoma anayeuza mboga za kienyeji na munyu kwenye chupa za soda, akaniita kutoka mbali. "Baba Namalwa! Chuo chenu kinafanya tena lini?"

"Kinafanya nini?"

"Mtihani wa munyu! Wiki ile mlinimaliza kabisa. Akina mama wa kanisa lenu walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake, kila mtu ananong'ona nisiwaambie wengine. Nikachoma maganda mpaka jirani akaniletea wazee wa mtaa kwa sababu ya moshi."

Namalwa, nilisimama pale na kunde mkononi nikasahau kulipa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Rael. Nikamuuliza kama ni kweli. Alitazama pembeni kwanza, kisha akanigeuzia macho makali.

"Sasa wewe ulitaka tufanye nini? Ulisimama mbele ya kanisa ukasema munyu unakwenda kupimwa kwa mashine. Ukasema tusiaibishe watu. Mtihani ni mtihani, Baba Namalwa. Nani hupeleka karatasi chafu kwa mwalimu?"

"Walitaka ule mnaoutumia kila siku."

"Hilo hukusema."

Na ni kweli. Nimerudia maneno yangu yote kichwani na hilo sikulisema. Wewe uliliandika, mimi nikalisoma, halafu nikasimama mbele ya watu nikasema la heshima badala yake. Hakuna aliyekuwa na nia ya kudanganya. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekwenda kwa Nasimiyu, na kila mmoja alitaka binti yetu apelekewe kilicho kizuri.

Mweleze Daktari Awuor hivyo. Akitaka kuniuliza mwenyewe, simu iko wazi.

Baba yako,
Zedekiah

---

Malakisi
6 Aprili 2025

Kwako Baba yangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Nisamehe. Sitaongeza maneno mengi hapo kwa sababu najua huyapendi, lakini nisamehe.

Nilimsomea Daktari Awuor barua yako ofisini kwake. Nilipofika kwenye moshi na wazee wa mtaa alicheka hadi mlango ukafunguliwa na mwalimu wa chumba cha pili. Kisha akasema kitu ambacho nimekiandika ukutani kwangu: "Hawa wanawake wanaficha nini? Nenda kapime hicho."

Nimepewa hadi mwisho wa mwezi wa sita. Nakutumia chupa nyingine, na safari hii kuna karatasi za ridhaa. Wasomee kila mmoja peke yake. Zinasema jina la mtu halitaandikwa popote, halitatajwa kwa yeyote, chupa itakuwa namba tu. Tafadhali usitangaze kanisani. Nenda saa wanapopika, omba kilichomo ndani ya kopo lililo kando ya jiko, na uulize kimetokana na kuchoma nini.

Ndiyo, najua. Utabisha jikoni za wake za watu.

Mwanao,
Namalwa

---

Waithaka
4 Mei 2025

Kwako Namalwa, jina la mama yangu,

Nakusalimu. Huku mvua imetushika, matope ya Waithaka unayajua. Nimebisha kila jiko. Watoto wa mtaa wameanza kuniita Mzee Munyu.

Nimejifunza mambo. Mmoja huchoma maganda ya ndizi anayookota kwenye mashine ya kusagia sharubati. Wengi hutumia jivu la makaa tu. Watatu hawachomi chochote, hununua magadi dukani na kuyaficha ndani ya kopo la zamani ili wageni wadhani ni musherekha. Mmoja wa hao alinishika mkono na kusema, "Baba, mume wangu hajui. Miaka yote anasifu." Nikamwambia hatajua kwangu.

Aliyenichelewesha ni Rael. Mara mbili alisema hayuko, na namsikia ndani akikohoa. Mara ya tatu alinifungulia, akasoma karatasi ya ridhaa kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Namba tu? Hata mchungaji hataona?"

"Hata mchungaji."

"Na mke wake?"

"Rael, hata malaika."

Akacheka kidogo, kisha akakaa. Akaniambia kwamba tangu ahamie Nairobi hajawahi kuchoma ganda la haragwe. Hufua nguo karibu na mjengo huko Westlands, ambako nyumba za zamani zinabomolewa wajenge ghorofa. Fundi mmoja humpa mbao za milango na madirisha, naye huja nazo kuchoma jivu. Jivu lake ni jeupe na kali, linalainisha mrenda haraka kuliko maganda. "Na mimi ndiye ninayewafundisha wasichana maganda," akasema. "Unaona kwa nini sikuleta?"

Alijaza chupa mwenyewe, akaifunga kwa nguvu. Ni namba kumi na saba. Nimeshakuambia mengi kuliko karatasi inavyoruhusu, kwa hiyo jina hilo lisahau ukimaliza kusoma.

Mama Vimla ameuliza matokeo yake. Nimwambie nini?

Baba yako,
Zedekiah

---

Malakisi
1 Juni 2025

Kwako Baba,

Natumaini hujambo na matope yamekauka. Mwambie Mama Vimla yeye ndiye pekee aliyepata matokeo ya kweli mara ya kwanza.

Chupa zimetoka tofauti kila moja, kama nyuso za watu. Daktari Awuor alitembea na karatasi ya matokeo idara nzima akiwaonyesha walimu. Kazi yangu imechaguliwa, Baba. Mwezi wa saba nitakuja Nairobi.

Lakini sikuandikii furaha peke yake. Namba kumi na saba ina madini ya risasi, mengi mno. Nimerudia kuipima mara tatu, na Daktari Awuor akarudia mwenyewe. Inatokana na rangi. Milango ya zamani ilipakwa rangi yenye risasi, na mtu akiichoma, rangi huungua lakini risasi hubaki kwenye jivu. Haina ladha wala harufu. Hudhuru polepole, hasa watoto.

Tafadhali mwambie ana kwa ana, si kwa simu, wala si mbele ya mtu. Aache kuutumia leo. Wajukuu anaoishi nao wapelekwe hospitali wapimwe damu. Daktari Awuor ameandika barua ya kuwapelekea, nimeiambatanisha.

Namwogopea, na ninaogopa kuwa mimi ndiye niliyemletea habari hii.

Mwanao,
Namalwa

---

Waithaka
15 Juni 2025

Kwako Namalwa,

Salamu. Nimemwambia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakunifukuza. Alichukua kopo lake akalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, mifuko mitatu, akaniuliza litupwe wapi. Nikasema nitauliza chuo. Uliza.

Kesho yake nilimsindikiza yeye na wajukuu wawili hospitalini. Majibu yametoka: wana risasi kidogo kwenye damu, lakini daktari amesema haijafikia pabaya, na kwa kuwa chanzo kimeondolewa watapimwa tena baada ya miezi mitatu. Rael alishukuru Mungu pale kwenye foleni kwa sauti hadi nesi akamwambia mama, pole pole.

Kisha tukiwa nje akasimama ghafla. "Baba Namalwa, na wasichana?"

"Wasichana gani?"

"Ninaowafundisha. Kila anayeolewa humpa kopo la kuanzia nyumba. La munyu wangu. Jackie nimempa mwezi wa nne, na ana mimba."

Tangu siku hiyo anazunguka nyumba zao. Anawaambia wamrudishie makopo kwa sababu yameingia wadudu. Nilimwambia wadudu hawatoshi kama sababu, mtu anaweza kuwachuja. Akasema, "Unataka niseme nini? Kwamba mwalimu wao ni mwongo?" Jackie amerudisha lake. Wengine wanasema wameshalitumia, na wawili wanasema wadudu hawajawaona.

Mimi sitakuja kwenye maonyesho. Siku hiyo mafundi wanabadilisha matangi ya maji hapa Parklands, na funguo zote ni mimi. Nimewaambia akina mama wa kanisa mahali na saa. Usitafute uso wangu, tafuta wao.

Baba yako,
Zedekiah

---

Malakisi
20 Julai 2025

Kwako Baba yangu mpendwa,

Imepita. Nakuambia hilo kwanza ili usome mengine ukiwa umetulia. Kazi imekubaliwa, nitahitimu Desemba pamoja na wenzangu, na idara imeniomba nibaki niendelee na shahada ya pili chini ya Daktari Awuor. Wewe u mzima? Matangi yalikaa sawa? Nisamehe kwa kuondoka bila kufika Waithaka. Basi la chuo lilituondoa mjini jioni ileile.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Ukumbi ulikuwa katikati ya mji, zulia jekundu, baridi ya mashine. Akina mama walikuja kumi na mmoja, wamevaa sare zao na vitambaa vyeupe kichwani. Mlinzi alidhani ni kwaya, akawauliza wataimba saa ngapi. Rael alikuwa nyuma, kiti cha mwisho karibu na mlango, na Jackie kando yake pamoja na wasichana wengine aliowafundisha.

Nilieleza vizuri, Baba. Lakini nilipomaliza, profesa mmoja wa jopo, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni, akainua mkono.

"Hii namba kumi na saba. Ni chupa moja kati ya thelathini. Kwa nini nisiseme ilichafuka njiani, tuiondoe?"

Nikasema ilipimwa tena na tena, na kwamba chanzo ni mbao zilizopakwa rangi.

"Umeziona mbao hizo?"

"Hapana."

"Aliyekusanya aliziona?"

"Hapana, aliambiwa."

"Na huyo aliyemwambia, anaweza kuulizwa?"

Nikasema hapana. Nikasema tuliahidi. Profesa akanitazama kwa huruma na kuandika kitu, nami nikajua anaandika iondolewe, kwa sababu ndicho ambacho hata mimi ningeandika. Bila namba hiyo, kazi yangu ingebaki habari za kupika mboga. Bila hiyo wale wasichana wawili waliokataa kurudisha makopo wangeendelea kuchuja wadudu. Nilimwona Daktari Awuor amekunja mikono, hawezi kunisaidia.

Ndipo kiti kikalia nyuma.

"Ni yangu hiyo."

Ukumbi mzima uligeuka. Rael alikuwa amesimama, ameshikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Nilimtikisia kichwa. Nikamwambia, "Mama, si lazima. Karatasi inasema si lazima."

"Karatasi inakufunga wewe, mwanangu. Mimi hainifungi."

Akaanza kuja mbele. Njia ni ndefu kwa mtu anayetazamwa. Akina mama wakawa wanavuta miguu yao apite, na mmoja, sitasema nani, akamwambia kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, "Nenda, dada. Mimi yangu ni magadi."

Profesa akainuka akampa mkono. Rael hakumtazama sana. Aliwageukia wanawake, akawatafuta kwa macho wale wasichana wake, kisha akafungua mdomo na sauti ikawa haisikiki, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimewekwa kwa kimo changu.

Nikakichomoa kwenye stendi, nikasogea pembeni, nikamshikia awaambie wasichana wake kwamba haikuwa wadudu.

Mwanao,
Namalwa